Namna ya Kuanguka Fizikia Bila Jasho

Mtahiniwa wa Nachingwea au Ruangwa anayetaka sifuri aanze kwa kusahau kangomba. Si kazi ndogo. Kila mkulima wa korosho huku anaijua: mnunuzi wa chochoroni anapima kwa bakuli, mnada wa chama kikuu cha ushirika RUNALI unataja bei kwa kilo, na anayechanganya hivyo viwili ndiye anayelia. Hata bibi asiyejua kusoma hakubali kujumlisha bakuli na kilo. Wewe jumlisha.

Andika s = ut + ½at, na vizio usiviguse. Ukivigusa umeharibu. Tazama: u ni mita kwa sekunde, izidishe kwa sekunde, inabaki mita. Sawa. Sasa a ni mita kwa sekunde kwa sekunde. Izidishe kwa sekunde, inabaki mita kwa sekunde. Kumbe unajumlisha umbali na kasi! Hapo utaona haya, utairudisha ile mbili ndogo juu ya t, na alama utapata. Hasara tupu.

Ukipewa kilomita 72 kwa saa na sekunde 10, zidisha hivyo hivyo, ziitwe kilomita 720. Basi limetoka stendi ya Ruangwa, kabla kondakta hajafunga mlango limeshaipita Dar es Salaam. Washamba watabadili iwe mita 20 kwa sekunde, wapate mita 200. Waache. Mwaka 1999 NASA walipoteza chombo kilichofika Mars kwa sababu programu moja ilihesabu kwa pauni, nyingine ikasoma nyutoni. Uko na wakubwa.

Vizio vikikugomea kwa kukubaliana, bado kuna njia: idondoshe ile nusu ya kwenye fomula. Haina kizio, kwa hiyo mita zitabaki mita na hakuna atakayepiga kelele, ingawa jibu ni kosa. Hata Waingereza waliokuja na mpango wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ikiwemo, hesabu yao ilikuwa safi kwa vizio: ekari mara tani kwa ekari, jibu tani. Ekari zaidi ya milioni 3! Udongo na mvua ndivyo vilivyoikataa namba, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa pamoja na pauni zaidi ya milioni 30.

Kwa hiyo vizio vikishakaa sawa, usithubutu kujiuliza kama jibu linaingia akilini. Funika kalamu, kusanya karatasi, wahi foleni ya chakula.