Ombi la Kulisamehe Gari la Mheshimiwa Sheria ya Uzito

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA),
Nairobi.

KUH: KUSIMAMISHWA KWA SHERIA YA UZITO KATI YA MTITO ANDEI NA MAUNGU

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Sisi wa Kaloleni, hapa Voi, tunaokaa jirani na barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, tunakuletea ombi moja dogo. Tumeshuhudia jinsi nchi hii inavyolienzi gari la juu: Prado, Land Cruiser, Pajero na ukoo wao wote. Tangu kanuni za hayati John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, matatu imefungwa kidhibiti mwendo isizidi kilomita 80 kwa saa. Mwenye bodaboda huulizwa kofia, leseni na bima kabla hajaitikia salamu. Lakini gari la juu lenye vioo vyeusi hupita kwenye kizuizi cha polisi kama upepo, na likiwa na king'ora hupishwa na malori yote. Kwa kuwa limekwisha kusamehewa karibu kila sheria ya nchi, imebaki moja tu inayolisumbua, nayo haikupitishwa na Bunge: sheria ya uzito, ile inayovuta kila kitu kuelekea ardhini. Tunaomba uchapishe tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali kuisimamisha sheria hiyo, angalau kati ya Mtito Andei na Maungu, na hasa siku za Ijumaa wakubwa wanapokimbilia pwani.

Hatuombi bila ushahidi. Gari husimama imara kwa sababu ya vipimo viwili: upana kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, na kimo cha kitovu cha uzito wake kutoka ardhini. Gawanya nusu ya upana huo kwa kimo hicho. Kadiri jibu linavyokuwa dogo ndivyo gari linavyopinduka upesi. Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia usalama barabarani lilianza kuwatangazia wanunuzi hatari hiyo kwa nyota mwaka 2001. Katika vipimo vyake, magari ya chini mengi huwa kati ya 1.3 na 1.5, na ya juu mengi kati ya 1.0 na 1.3. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, ila barabarani si ndogo. Mwaka 2010, kupinduka kulikuwa takribani asilimia 2 tu ya ajali za magari ya abiria nchini humo, lakini kulichangia karibu asilimia 35 ya vifo. Miaka kumi kabla ya hapo, Firestone ililazimika kuyaita matairi milioni 6.5, mengi yakiwa ya Ford Explorer, baada ya mipira yake kubanduka kwenye mwendo wa kasi na magari kubingirika. Waliokufa walizidi 200. Kama Wamarekani wangekuwa na tangazo kama hili tunaloliomba, wangeepuka gharama yote hiyo.

Hapa kwetu sheria ya uzito imekuwa na ukaidi wa pekee. Ndani ya Mbuga ya Tsavo Mashariki, gari la watalii huamriwa kilomita 40 kwa saa, na dereva hutii kwa kuwa tembo hapigi saluti. Gari lile lile likitoka lango la Voi na kushika lami, utii huachwa langoni pamoja na tikiti. Yakisahauliwa matairi yaliyopunguzwa upepo ili kupita mchangani, yanapelekwa hivyo hivyo kwenye lami yenye joto la Voi, na tairi laini likikimbizwa huchemka hadi kupasuka. Kona za kupanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi nazo hupandwa keria ikiwa imejaa magunia, na kitovu cha uzito kikiwa kimepanda zaidi. Anayebeba ndoo ya maji kichwani hageuki ghafla, na hakusoma fizikia popote. Ila hatari kubwa haiko konani. Kwa hesabu za Wamarekani hao hao, zaidi ya tisa katika kila kumi ya ajali za gari kupinduka peke yake hutokea gurudumu linapokwama kwenye udongo laini, mtaro au ukingo. Dereva anayapita malori matatu kwa mkupuo, anakutana na basi uso kwa uso, anakwepa, gurudumu linashuka kando ya lami, anashtuka na kuuvuta usukani kwa nguvu. Gari linakwenda ubavu, na sheria ya uzito inachukua chake.

Watakuja watetezi wenye hoja, na tusiwapuuze. Wa kwanza atasema gari kubwa humlinda aliye ndani likigongana. Ni kweli, likigongana na dogo. Lakini kinga hiyo hulipiwa na aliye kwenye dogo, wala haimsaidii mkubwa anayebingirika vichakani peke yake. Wa pili atasema magari ya siku hizi yana mfumo wa kielektroniki wa kuyaweka imara. Naye hajakosea, kwani mfumo huo umeokoa wengi, hata Marekani ikaulazimisha kwa magari yote mepesi, yakiwemo ya juu, ya kuanzia mwaka 2012. Lakini hufanya kazi kwa kufunga breki za gurudumu mojamoja, na gurudumu lililoacha ardhi halina cha kufungia breki. Wa tatu atauliza: bila gari la juu, nani atafika Kasigau mvua ikinyesha? Hakuna anayebisha. Ardhi ya huko inadai kimo, na kimo kinadai mwendo wa polepole. Anayechukua cha kwanza na kukataa cha pili amejitafutia makubwa. Wa mwisho atasema kosa ni la dereva, si la gari. Kweli tena, lakini kosa lile lile kwenye gari la chini mara nyingi huishia kwenye vumbi na aibu, na kwenye la juu huishia katika Hospitali ya Moi, hapa Voi.

Iwapo Mpigachapa wa Serikali atakataa tangazo letu, tuna ombi la akiba. Kila gari la juu la mtumba lishushwapo Mombasa, mnunuzi aonyeshwe kiwango chake cha uimara, kama anavyoonyeshwa mwaka na rangi. Mkanda wa kiti cha nyuma ukaguliwe, hata anayekikalia akiwa na walinzi. Madereva wafundishwe kwamba gurudumu likishuka kando ya lami usukani unashikwa ukiwa umenyooka, mguu unatolewa kwenye mafuta, na gari linarudishwa taratibu mwendo ukishapungua. Na kwamba mnyama akikatiza, breki huja kabla ya usukani. Na magari ya serikali yawe ya kwanza kupimwa mwendo, siyo ya mwisho.

Wakenya zaidi ya 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na takwimu hizo ni zako, Mheshimiwa. Sheria ya uzito haina mahakama ya rufaa, haisomi nambari za gari, na haipokei kitu kidogo. Tunasubiri moja kati ya mawili: tangazo la kuisimamisha, au amri ya kulipunguzia mwendo gari la juu. Amri hiyo haihitaji muujiza.

Wako watiifu,
Wakazi wa Kaloleni, Voi.