Maprofesa Waliohama Timu: Sita Bora, Tukianzia Mkiani

Mchezaji akitoka Simba kwenda Yanga, mtaa mzima haulali. Profesa akihama fani, wanaokosa usingizi ni wenye idara anayoingia tu. Nimewapanga sita kwa kigezo kimoja: nani alikubali kuwa mgeni bila kuona haya?

6. Linus Pauling. Alitwaa Nobeli ya kemia mwaka 1954, kisha ya amani ya 1962 kwa kupinga majaribio ya nyuklia. Laiti angeishia hapo! Mwaka 1970 akaingia kwenye tiba bila kubisha hodi, na kitabu cha kuisifu vitamini C kwa mafua. Watafiti wakapima, mafua yakaendelea kuja kama kawaida. Mkiani panamtosha.

5. Daniel Kahneman. Mwanasaikolojia aliyepewa Nobeli ya uchumi mwaka 2002 bila kusoma somo hata moja la uchumi. Hakuhama sana, tuzo ndiyo iliyomfuata. Wachumi, poleni.

4. Francis Crick. Wengine huhamishwa na mshahara, yeye alisukumwa na bomu. Alikuwa London akipima mnato wa maji yenye joto kali, kazi iliyomchosha kupita maelezo, ndege za Wajerumani zikamlipulia mtambo wake. Ruhusa ya kuacha utafiti iliyotolewa kwa kishindo namna hiyo sijaisikia tena. Mwaka 1947 akahamia biolojia, na 1953 yeye na James Watson wakafumbua umbo la DNA. Uzeeni akahamia ubongo. Huyo hatulii.

3. Herbert Simon. Uzamivu wa sayansi ya siasa (1943), Tuzo ya Turing ya kompyuta (1975), Nobeli ya uchumi (1978). Januari 1956, programu yake ya kuthibitisha kanuni za hisabati ilikuwa bado haijaingia kwenye mashine. Akawapanga mkewe, watoto na wanafunzi wake, kila mmoja na kadi mkononi, waiigize. Watoto wenu shule zikifungwa huenda kwa bibi. Wa Simon walikuwa kompyuta.

2. Wangari Maathai. Alifundisha anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikwenda vijijini kusaka kupe wanaoeneza ndigana kali, akakuta mito imejaa udongo na ng'ombe mbavu nje. Alifuata kupe, akarudi na miti. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, na 2004 akapewa Nobeli ya amani. Yupo atakayebisha kwamba hiyo si kuhama fani. Abishe tu, lakini kwanza apande mche.

1. Venki Ramakrishnan. Alipata uzamivu wa fizikia Marekani mwaka 1976. Kwetu mtu akishaitwa daktari, hata kadi ya mchango wa harusi ikikosea jina hilo, ugomvi. Yeye alirudi darasani San Diego, mwanafunzi tena, kujifunza biolojia. Daktari mzima, na daftari jipya! Baadaye akaishika ribosomu, mtambo wa protini ndani ya seli, na kuonyesha umbo lake hadi kwenye atomu. Mwaka 2009 yeye na wenzake wawili wakapewa Nobeli. Ya fizikia? Hapana. Ya kemia, fani ambayo hana shahada yake.