Namna ya Kumkabidhi Roboti Maisha Yako kwa Hatua Tano

Mwongozo huu ni wa wale waliochoka kubofya. Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka hata moja, utabaki na maamuzi yako mwenyewe.

Mahitaji: simu, bando, na moyo usiouliza maswali.

1. Soma tu. Anzia kwa Tim Berners-Lee, aliyependekeza wavuti akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN mwaka 1989. Lipia nusu saa kwenye intaneti kafe, ngoja picha ishuke mstari kwa mstari, kisha uambiwe muda umekwisha kabla hujaona miguu.

2. Acha kukumbuka. Google ipo tangu 1998, anwani za tovuti za nini tena? Andika swali, ubofye jibu la kwanza. Likiwa tangazo, usijali. Aliyelilipia bila shaka anakupenda.

3. Anika yako. Facebook ilianza 2004, YouTube 2005. Pakia harusi, mtoto, pilau. Wenye mtandao watauza matangazo pembeni ya pilau yako. Mgawo wako ni laiki. Kebo ya intaneti ya SEACOM ilipotua Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 na kasi ikapanda, nawe ulipaswa kuongeza sahani.

4. Apa kwamba wewe si roboti. Chagua picha zote zenye taa za barabarani. Majibu kama hayo yalitumika kuzifundisha mashine kuona. Ualimu wako haukuwa na mshahara.

5. Mwajiri mwanafunzi wako. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 ilijibu maswali tu. Siku hizi kuna mawakala wa akili mnemba wanaofungua kivinjari, kujaza fomu na kukata tiketi. Wape nywila zote. Wakala wa pesa wa mtaani ndiye wa kufichwa namba ya siri, maana huyo ana kibanda, ana jina na majirani wanamjua.

Tahadhari: tovuti anayoisoma wakala wako inaweza kuwa na maagizo ya mtu mwingine yaliyofichwa, na wakala akayatii akidhani umeyatoa wewe. Ndiyo maana baadhi ya mawakala husita kabla ya kulipa na kuuliza, "Niendelee?" Swali hilo ndilo kazi pekee uliyobakishiwa. Likikuudhi, lizime, na mwongozo huu utakuwa umekamilika.