Shangazi wa Ua: Kaiyaba Isiyozaa na Mpaka Uliohama

Barua za juma hili zimetoka pande za Mlima Kenya, na karibu zote zina miiba. Shangazi wa Ua, ambaye wasomaji wapya humdhania mtaalamu wa ndoa mpaka waone makasi yake, amezisoma akiwa amevaa glavu.

"Shikamoo Shangazi. Nilipanda kaiyaba kuzunguka boma miaka 9 iliyopita. Ya jirani inazaa hadi watoto wake wanauza matunda shuleni. Yangu haijatoa hata moja, na mke wangu anasema tumerogwa. Mimi huitunza sana, naikata kila Jumamosi. — Mgumba wa Othaya."

Shangazi anamsihi bwana huyu ampumzishe mganga. Kaiyaba, iliyotoka kusini mwa Afrika na kupewa jina la mto Kei kule Afrika Kusini, huwa na miche ya kiume na miche ya kike, kila jinsia na shina lake. Wa kiume kazi yake ni chavua tu. Wa kike ndiye mwenye matunda yale ya manjano, machachu ya kukunja uso, ambayo hutengeneza jemu nzuri kwa mtu asiyeogopa kutia sukari. Anayepanda mbegu anacheza bahati nasibu: hakuna ajuaye jinsia mpaka maua yatoke, na hayo huchukua miaka.

Lakini ua mzima kuwa wa madume watupu? Shangazi haamini. Aliporudia sentensi ile ya Jumamosi alimjua mchawi. Mmea unaonyolewa kila juma haupati nafasi ya kuchanua, achilia mbali kuzaa. Bwana wa Othaya achague mashina mawili matatu pembeni, ayaache yapande yatakavyo, na sehemu iliyobaki aikate mvua zinapoanza, si katika kiangazi wala katika baridi ya Julai. Na anapokata, chini pawe papana kuliko juu. Ua ulionenepa kichwani huyanyima jua mashina ya chini, yakabaki mifupa mitupu, na kuku wa jirani wakapata lango.

Akitaka uhakika wa mche wa kike, aende kwa huyo jirani mwenye bahati na ombi la adabu. Vipandikizi vya kaiyaba ni vikaidi kuota. Njia ya subira ni kulaza tawi: tawi la chini likwaruzwe gome, lizikwe udongoni likiwa bado limeshikana na mama yake, ligandamizwe kwa jiwe, kisha likatwe baada ya kutoa mizizi. Mtoto atafuata jinsia ya mama.

Barua ya pili ni nzito zaidi.

"Shangazi, kaka yangu mkubwa aling'oa kaiyaba aliyopanda marehemu babu, akapanda maua yake ya mapambo hatua mbili ndani ya shamba langu. Anasema ua wa zamani ulikuwa mbaya machoni. Nimeshika panga usiku mara kadhaa nikarudi kulala. — Mdogo Mtu, Karatina."

Hapa Shangazi anavua glavu. Huko Nyeri ua wa kaiyaba ni zaidi ya kizuizi cha ng'ombe. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, vipande vya ardhi vilivyotawanyika viliunganishwa, kila mwenye shamba akapewa eneo moja na kutakiwa kupanda ua kwenye mpaka wake. Ndege zilipita zikapiga picha, na ramani za usajili zikachorwa kwa kufuata mistari ile ya majani iliyoonekana kutoka angani. Kwa hiyo babu alipopanda miche yake alikuwa anachora ramani ya serikali kwa jembe. Kaka mkubwa amefuta mstari mmoja wa ramani hiyo kwa sababu haukumpendeza!

Ramani za namna hii huonyesha mipaka kwa makadirio tu, na ndiyo maana alama za ardhini zina uzito. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inasema mahakama haitasikiliza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka wenyewe haujabainishwa kwa utaratibu wa sheria hiyo, na kuharibu au kuhamisha alama ya mpaka bila idhini ni kosa. Mdogo Mtu aweke panga chini na aandikie ofisi ya msajili wa ardhi, aombe msajili aje na mpimaji. Kabla hawajafika, asiguse visiki. Kaiyaba iliyokatwa huchipua upya kutoka shinani, na hata iliyong'olewa vibaya huacha mizizi inayoonyesha mstari ulipopita. Awaite pia wazee waliouona ua huo ukikua.

Kwa kaka mkubwa Shangazi ana msemo mmoja tu: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Msomaji wa Nanyuki, aliyetia sahihi "Kinyozi", alikata ua wake wa saiprasi mpaka akafika kwenye mti wa kahawia, na sasa anauliza mbolea gani itarudisha kijani. Hakuna. Saiprasi haichipui kwenye tawi kuukuu lisilo na majani; pengo hilo ni lake mpaka apande mche mwingine. Kama kahawia ilianza kabla ya makasi, ikifuatana na utomvu unaonata na masizi meusi, basi achunguze vidukari. Vidukari wa saiprasi walionekana Malawi mwaka 1986, wakafika Kenya mwaka 1990, na wazee wengi wa mlimani bado wanakumbuka nyua nzima zilizokauka zikaishia jikoni.

Mwenye nyumba ya wageni mjini Nyeri anataka tembo aliyechongwa kwa majani ili awavute watalii wanaokuja kuona kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 1941 katika nyumba yake ya Paxtu kwenye hoteli ya Outspan. Shangazi anampendekezea duranta: vijiti vyenye urefu wa penseli na vifundo vitatu au vinne, majani ya chini yakiondolewa, vikipandwa mvua ya Aprili hushika upesi. Ayachume yale matunda ya manjano kabla watoto wa wageni hawajayaonja, kwa kuwa yana sumu. Na aanze na mkonga mfupi.

Ya mwisho ni ya mwendesha boda boda wa Chaka, aliyepata pancha mbili asubuhi moja mbele ya lango lile lile, ambako matawi ya kaiyaba yaliachwa barabarani baada ya kukatwa. Anauliza nani alipe. Alipe aliyekata, anasema Shangazi, na reki anunue yeye.