Mawazo Yakigoma: Mwongozo wa Fundi wa Makutano

Mwongozo huu ni wako wewe mwandishi au fundi wa mabango uliyekodi kichumba hapa Makutano, Meru, na tangu asubuhi unatazamana na ukurasa mweupe. Usijilaumu. Mawazo yamegoma, na mgomo una taratibu zake.

1. Mtafute wa kulaumiwa. Hapa hukosi: makanga wanaita abiria wa Maua na Nanyuki, duka la jirani limefungulia spika, na kiti chako kinayumba. Msanii wa kweli hafanyi kazi katika vurugu. Siku ukihamia kijijini, laumu kimya.

2. Chagua fonti. Kijitabu cha mazishi cha kurasa nane kinatakiwa Ijumaa. Tumia siku nzima kujaribu herufi za jina la marehemu, kisha urudi kwenye zile za wiki jana. Picha yake imekatwa kutoka ya harusi, na mkono wa mtu asiyejulikana umebaki begani. Uache hapo. Ukiulizwa, sema unaashiria upendo wa familia.

3. Tafuta msukumo. Hapa Mungu amekupendelea: Nyambene si mbali, na miraa inashuka mbichi, imefungwa kwa majani ya mgomba. Ukipenda ya majani matupu, kuna muguka wa Mbeere, kule Embu. Nunua na karanga na soda. Handasi ikipanda utakuwa na riwaya tatu, filamu moja na mpango kamili wa kuifufua sanaa ya Kenya nzima. Msimulie jirani wa benchi yote hayo kwa ufasaha. Usiandike hata neno, utaharibu stimu. Kukicha, usingizi umekukataa, riwaya zote tatu zimetoroka, na wazo pekee lililobaki ni la kutafuta maziwa.

4. Soma habari za waandishi, wala usiguse vitabu vyao. Utagundua kwamba Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake, *Kenya: Twendapi?*, akatunga gerezani mashairi ya *Sauti ya Dhiki*, yaliyochapishwa 1973. Utagundua pia kwamba mwaka 1978, akiwa kizuizini Kamiti, Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika *Caitaani Mũtharaba-inĩ* kwenye karatasi za chooni. Funzo liko wazi: kipaji unacho, umekosa kufungwa tu. Kwa kuwa kufungwa kuna usumbufu wake, ahirisha.

5. Mtulize mteja. Mjomba wa marehemu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, atapiga simu: "Kijana wangu, ile kazi imefika wapi?" Jibu bila kusita: "Iko kwa mashine, mzee. Inatoka saa hii." Mashine haijawashwa, lakini heshima imelindwa.

6. Ngoja Ijumaa. Mwili unatoka mochari saa tatu. Saa kumi na mbili asubuhi mzee mwenyewe ataingia, asimame nyuma ya kiti chako, mikono mgongoni, bila kusema lolote. Hapo utashuhudia ajabu. Vidole vitakimbia. Wasifu utapata mwanzo na mwisho, wajukuu wote watapata nafasi, na nyimbo zitaingia ukurasa wa saba bila kubanana. Kabla ya saa mbili printa itakuwa inanguruma.

Sasa tuseme ukweli. Mawazo yanayorudi kazini mara tu mzee anaposimama nyuma ya kiti hayakuwa yamegoma. Uliogopa tu kuandika sentensi mbovu ya kwanza. Iandike leo hivyo hivyo ilivyo mbovu, kwa maana mbovu hurekebishwa, lakini ukurasa mtupu hauna cha kurekebisha. Isitoshe, malipo ya kwanza ulishayala tangu Jumatatu.