Breki ya Mbele Yavunja Ukimya

Saa nane mchana, kijiweni, Dar es Salaam. Chini ya mwembe imeegeshwa pikipiki mpya aina ya Boxer. Nailoni ya kiwandani bado haijabanduliwa kwenye siti. Helmeti inaning'inia kwenye saitimira. Leseni iko mfukoni mwa koti lililotundikwa kwenye usukani. Dereva, mwenye wiki mbili barabarani, amelala kwenye benchi.

LESENI: Naomba niheshimiwe. A1 ni ya pikipiki ndogo zisizofika cc 125. Mimi ni daraja A kamili! Nina picha, nina sahihi.

BOXER: Na daraja hilo ndilo langu. Ubavuni nimeandikwa 150.

BREKI YA MBELE: Umeandikwa 150, lakini fundi akikupima silinda atakuta 144.8. Hizo cc tano nukta mbili zimekwenda wapi? Zimebaki bandarini? Au bosi mwenye chombo amezikata kwenye hesabu ya jana? Maana yule hakati kidogo.

HELMETI: Labda zimepanda mshikaki, zikashukia Ubungo.

BREKI YA MBELE: Cheka, lakini nisikilizeni. Madaraja yetu yanauliza injini ina ujazo gani na chombo kina kilo ngapi. Hayaulizi kimebeba nini. Boxer akiwa mtupu hafikishi kilo 150. Mpandishe dereva, weka abiria wawili nyuma, pakata kiroba cha mchele juu ya tangi: mzigo umemzidi mbebaji. Injini haijaongezeka hata cc moja, ila chombo kimekuwa kingine kabisa, na Leseni mfukoni hana habari. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni mita 11 kila sekunde. Dereva akiduwaa sekunde moja, mita 11 zimekwisha kabla sijaguswa. Akiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushika unakuwa mara nne. Na chombo kikifunga breki, uzito hukimbilia mbele. Kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kukisimamisha. Lakini vijiweni wanaambiana kwamba mimi napindua. Napindua, ndiyo, ukinibana ghafla kama unamkaba mwizi, au ukinibana kwenye mchanga huku umelala kona. Ukinibana polepole ukizidisha, naokoa. Ni somo la asubuhi moja tu. Kijana wetu amefundishwa klachi na gia kwenye uwanja wa mpira. Alipozunguka magoli mara tatu bila kuanguka, akaambiwa ameiva.

HELMETI: Mimi je? Tafiti zilizojumlishwa zimeonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini hizo ni za kofia iliyo kichwani, siyo ya kwenye saitimira. Tukimwona trafiki navaliwa; tukimpita navuliwa. Abiria naye ananikataa, eti nanuka jasho la watu. Kweli nanuka, ila jeneza halinukii zaidi.

BOXER: Mnasahau njaa. Kijana amenichukua kwa mkataba: kila siku apeleke hesabu, siku zikitimia niwe wake. Ukimwambia aanze na cc 100, atapandaje mlima na abiria?

BREKI YA MBELE: Mlima gani, wa Kariakoo? Cc 100 hunywa mafuta kidogo, ikilala chini anainyanyua peke yake, na ikimponyoka haimtupi mbali. Njaa siibishii, ila tazameni imebebeshwa nani. Mkataba unaanza kudai siku ya kwanza, kabla mkono haujajua kona. Bosi amemfanya abiria kuwa mwalimu, na abiria huyo huyo ndiye analipa ada. Uingereza mwanafunzi mwenye kibao cha L haruhusiwi kabisa kubeba abiria. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni zilizoanza kutumika 2013, unamfungia anayeanza na A1 kwenye cc 125 na kilowati 11, kisha kuna ngazi ya kilowati 35 ambayo huikalia miaka miwili kabla ya kupanda. Mtasema hapa si Ulaya, kule watu wana magari ya akiba. Haya, vukeni mpaka tu: Kenya imewaweka wanaobeba abiria kwa malipo kwenye A3, kwa sababu kujiendesha na kumwendesha mtoto wa mwenzio ni kazi mbili. Sisi tuliihalalisha bodaboda kwa kanuni za 2010, lakini A na A1 bado zinauliza silinda na kilo tu. Sisemi kijana akatazwe kula. Nasema miezi ya mwanzo abebe vifurushi kwa pikipiki ndogo, na bosi apunguze hesabu miezi hiyo, maana chombo kikigonga ukuta na yeye anapata hasara.

LESENI: Kwa hiyo mimi ni bure?

BREKI YA MBELE: Si bure, ni pungufu. Unathibitisha kwamba siku moja mtu alijibu maswali; barabara inauliza kila siku. Lakini aibu si yako. Aibu ni ya bosi anayekagua hesabu kila jioni na hajawahi kukagua mkono wa dereva wake. Ni ya chuo cha udereva kinachohesabu ada kuliko masaa ya mazoezi. Na ni yako wewe abiria unayepanda wa tatu kwa kuokoa mia tano, halafu unapiga kelele, "Dereva, ongeza mwendo!"

Benchi linalia. Dereva ameamka, wateja wawili wamefika, na mmoja ana mtoto mgongoni. Nailoni ya siti inakwaruza mara tatu. Helmeti inapita mkononi, inaishia kwenye kiwiko.

LESENI: Tunakwenda wapi?

BREKI YA MBELE: Muulize breki ya mguu. Mimi sijashirikishwa.