Ombi la Kuongezewa Kisanduku cha Baba Mkubwa

Kwa Idara ya Viza na Uhamiaji,
Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza,
Mtaa wa Marsham, London.

Waheshimiwa,

Shikamooni. Najua salamu hii haina mwenzake huko kwenu, lakini huku mtu akiomba jambo kwa wakubwa huanza nayo, nami nina ombi. Si kubwa. Siombi viza, wala sijathubutu kuomba mpunguze ada. Naomba mwongeze kisanduku kimoja tu katika fomu ya viza ya mwanafunzi, pale mnapouliza pesa za kujikimu ni za nani. Kwa anayejisomesha mwenyewe, majibu mnayoyakubali ni manne: zangu, za mzazi wangu, za mlezi wangu wa kisheria, za mwenza wangu. Kisanduku ninachokiomba kiandikwe "Za baba mkubwa na wengineo". Niruhusuni nieleze jinsi kukosekana kwake kulivyowafanya ninyi, watu mnaosifika kwa kuchunguza kila karatasi, muwe wafugaji wakubwa wa uongo uleule mnaouogopa.

Kwa wale ambao hawajabahatika kuisoma kanuni yenu, nifupishe. Anayekwenda kusoma London anatakiwa aonyeshe, mbali na ada ya chuo, pauni 1,529 za kujikimu kwa kila mwezi, hadi miezi 9. Nje ya London ni pauni 1,171. Ndivyo ilivyo tangu Novemba 2025. Januari ya mwaka huohuo kiwango cha London kilikuwa kimepandishwa hadi 1,483, na kabla ya hapo kilikuwa 1,334. Zidisha 1,529 mara 9 upate pauni 13,761, yaani zaidi ya shilingi milioni 2 za Kenya, au zaidi ya milioni 40 za Tanzania. Pesa hizo zilale katika akaunti siku 28 mfululizo, bila kugeuka ubavu. Zikishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu imevunjika. Aliyeweka kiasi kamili bila ziada anaweza kuponzwa na makato ya mwezi ya benki yake mwenyewe. Na kwa kuwa mnazigeuza shilingi kuwa pauni kwa bei ya siku ya maombi, mtu anaweza kulala anazo za kutosha akaamka zimepungua, na hajagusa hata senti. Wakenya waliokuwa wakiomba mwanzoni mwa 2024, dola ilipokaribia shilingi 160, wanalijua hilo vizuri. Miezi michache baadaye ilirudi karibu na 130, lakini fomu haisubiri miezi michache. Kinachopimwa hapo ni kama mtu anazo pesa zisizo na kazi nyingine kwa mwezi mzima, na huku kwetu pesa za namna hiyo ni adimu hata kwa wenye nazo.

Sasa nimtambulishe baba mkubwa. Ni kaka mkubwa wa baba. Kiswahili kingeweza kumwita hivyo kikaishia hapo. Badala yake kikamwita baba, tena mkubwa, kwa kuwa mzigo anaoubeba ni wa baba. Yupo pia baba mdogo, wapo mama mkubwa na mama mdogo, yupo shangazi, yupo mjomba ambaye asipokuwapo posa haijibiwi. Mkono mmoja haulei mwana. Nanyi mnataka taarifa ya benki ya mkono mmoja. Mtoto akipata nafasi ya chuo ng'ambo, linafunguliwa kundi la WhatsApp, anateuliwa mweka hazina, na orodha inaanza kuzunguka: jina, ahadi, alichotoa. Kila anayetuma kwa simu anainakili orodha yote, anaweka alama ya vema mbele ya jina lake, anairudisha kundini. Baba mkubwa 12,000,000, katoa 9,000,000. Shangazi 4,000,000, vema. Mama mdogo 1,000,000, "nikipokea mchezo". Waliosoma na baba yake, jumla 6,200,000, vema. Karatasi zenye ukweli wa kifedha kuliko orodha hiyo ni chache duniani, maana asiyetimiza ahadi anaonwa na watu 80 kila asubuhi jina lake linapopita bila alama, na ofisa wa viza hajapata kumbana mtu namna hiyo.

Cha ajabu, pesa za baba mkubwa hamzichukii kila mahali. Akiilipa ada moja kwa moja chuoni, chuo kinaandika katika uthibitisho wa udahili kwamba imelipwa, nanyi mnaipunguza katika hesabu bila kuuliza aliyelipa ni nani wa mwanafunzi. Lakini pauni zilezile zikikaa katika akaunti yake kwa ajili ya chakula na kodi ya chumba, zinageuka za mpita njia. Kwa mzazi mnadai cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Kwa mlezi mnadai hati ya kisheria. Baba mkubwa aliyemlea mtoto tangu darasa la pili hana hati ya mahakama, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwenda kwa hakimu kuthibitisha kwamba yeye ni baba mkubwa. Kampuni ya kimataifa, kwa upande wake, mnaitambua kuwa mdhamini rasmi, pamoja na serikali, vyuo na British Council. Barua yake inatosha. Kampuni inaruhusiwa kuwa na huruma, ukoo hauruhusiwi. Basi pesa hazina budi kuhamia kwa mwanafunzi. Zikihama kwa mkupuo, ofisa wenu anaona akaunti iliyokuwa na shilingi 18,000 imeamka na milioni 45, anatia shaka, na simlaumu. Kwa hiyo wazoefu wanashauri ziingie kidogo kidogo, kana kwamba ni akiba. Asiyefikisha anatafuta mwenye pesa akubali zilale mwezi mmoja kwa jina la mtoto, kwa riba. Siku ya 29 zinarudi kwa mwenyewe, na mwanafunzi anapanda ndege akiwa na taarifa safi kabisa ya pesa ambazo hazipo.

Mtajibu kwamba huo ndio ujanja mnaoupiga vita, na kwamba kisanduku changu kitamfungulia mlango kila mpita njia ajiite baba mkubwa. Hoja ina uzito. Lakini tazameni anayeumia leo ni nani. Aliyekodi salio kwa siku 28 anapita, maana karatasi yake imetimiza kila sharti. Anayesema kweli, akaandika kwamba pesa ni za baba mkubwa na hizi hapa taarifa zake za miaka 3, anakataliwa, kwa kuwa ukweli wake hauna kisanduku. Kuthibitisha udugu si kazi ya kuvunja mgongo: vyeti vya kuzaliwa vya ndugu wawili vyenye jina la baba mmoja, hati ya kiapo, na taarifa za benki za mwaka mzima badala ya mwezi mmoja. Salio la mwezi linakodishwa. La mwaka ni nani atakukodisha? Na kwa atakayeghushi ukoo, mnao tayari usaili wenu, ambako mmezoea kuwauliza watoto wa watu kwa nini wamechagua kozi hii na si ile. Mwulizeni baba mkubwa wake anakaa wapi, na msiba wa mwisho walikutana wapi na nani alisimamia mazishi. Mtapata majibu marefu kuliko mnavyotaka.

Mtasema pia kwamba mnamhurumia mwanafunzi mwenyewe, asije akafika Manchester akalala njaa. Huruma hiyo naipokea kwa mikono miwili, ila kipimo chenu hakiifikishi popote. Nigeria ilipoiachia naira Juni 2023, thamani yake ikaporomoka. Wanafunzi walioingia kwenu wakiwa wametimiza kanuni zenu zote za pesa wakajikuta hawawezi kumalizia ada, na Mei 2024 chuo kimoja cha kaskazini-mashariki mwa Uingereza kiliwafutia usajili baadhi yao, wakatakiwa kuondoka nchini. Picha ya akaunti iliyopigwa kabla ya safari haikuwalisha. Sarafu ikianguka, akaunti ya kwenye picha haitumi nyongeza. Anayetuma ni shangazi, yuleyule mliyekataa kumwandika. Wajerumani, ambao hakuna aliyewahi kuwatuhumu kwa ulegevu, wana akaunti ya kufungiwa: mwanafunzi anaweka euro 11,904 za mwaka, akishafika anachukua euro 992 kila mwezi. Ni nyingi mno, na kuna vijana wengi hodari zinaowafungia nje. Hata hivyo pesa hizo zinasafiri na mwenyewe, mwezi wa tatu zinageuka mkate, na hata mjomba anaweza kuziweka. Kama kweli mnaogopa njaa, jirani yenu ameshawaonyesha kwamba pesa inayoliwa ni bora kuliko pesa inayotazamwa.

Kuna jambo jingine, na watu wa Pwani watalielewa kabla sijamaliza kulisema. Mnayo orodha ya nchi ambazo raia wake hawalazimiki kuambatanisha uthibitisho wa pesa wanapoomba viza ya masomo, ingawa mnayo haki ya kuudai baadaye. Oman imo. Botswana na Mauritius zimo. Kenya, Uganda na Tanzania hazimo. Chukueni basi watoto wa ndugu wawili, mmoja Muscat na mwingine Unguja, babu mmoja, Kiswahili kimoja kwenye simu kila Idi. Wameomba chuo kimoja, kozi moja. Wa Muscat anajaza fomu na kuaminiwa. Wa Unguja analaza milioni 40 na kuhesabu siku. Na inawezekana kabisa baba mkubwa ninayemwombea kisanduku ndiye huyo wa Muscat. Ikiwa hivyo, mnamwamini amsomeshe mwanawe bila karatasi hata moja, halafu mnamkatalia, akiwa na karatasi zote mkononi, kumsomesha mtoto wa mdogo wake. Sijui ni ofisa gani alipewa kazi ya kuchora mpaka katikati ya ukoo mmoja, lakini kazi aliifanya kwa bidii.

Hoja kwamba wanafunzi hawa ni mzigo kwa mlipakodi wenu sitaichelewesha, kwa sababu hainihitaji sana. Ada ya viza ya mwanafunzi iliongezwa Aprili 2025 ikafika pauni 524, na ukikataliwa hairudi. Tozo ya afya, iliyokuwa pauni 470 kwa mwaka hadi Februari 2024, sasa ni 776, na wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja hulipa 1,164 kwa sababu viza yake inavuka mwaka. Hulipwa yote kabla ya kupanda ndege, kabla ya kupiga hata chafya. Uchambuzi wa London Economics uliotolewa 2023 ulikadiria kwamba wanafunzi wa kigeni walioanza masomo mwaka 2021/22 wataiachia Uingereza faida ya pauni bilioni 37.4 baada ya kutoa gharama zote za huduma za umma. Na kuanzia Agosti 2028 serikali yenu imepanga kuvitoza vyuo vya England pauni 925 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa kigeni, baada ya kuvisamehe wale 220 wa kwanza. Huku kwetu mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi jembe mnampa kwa kipimo, saa 20 kwa wiki muhula unapoendelea, mnakata kodi katika ujira wake kama wa mwenyeji, na sasa mnapanga kumtoza mwenye nyumba kwa kosa la kukaribisha. Sioni mlipakodi wa Leeds anaibiwa wapi hapo.

Wala baba mkubwa si mgeni London. Mwaka 1929 chama cha Kikuyu Central Association kilimtuma Jomo Kenyatta huko kwa michango ya wanachama, kuwasilisha madai ya ardhi. Miaka ya 1930 akasoma anthropolojia London School of Economics chini ya Profesa Malinowski, na mwaka 1938 kitabu chake kikachapishwa palepale London. Kwa fomu ya leo, wanachama wale si mzazi, si mlezi wa kisheria, si mwenza, na bila shaka si kampuni ya kimataifa. Mngemrudishia maombi yake mkabaki na ada.

Maneno ya kisanduku nimeshayaandaa ili nisiwape kazi: "Pesa ni za ndugu wa ukoo wanaotajwa hapa chini. Ambatanisha vyeti vinavyoonyesha udugu na taarifa za benki za miezi 12." Mistari mitano ya majina inatosha, ingawa mkiweka kumi hamtakosea. Orodha ya kundi la WhatsApp iwe kiambatanisho cha hiari. Mkihitaji mtu wa kuwafafanulia tofauti ya mama mkubwa na mama mdogo, maofisa wenu waliopo Nairobi na Dar es Salaam wamwulize mtu yeyote aliye kwenye foleni hapo nje, hawatatozwa ada.

Wenu,
Mwandishi

Nakala: Baba Mkubwa, kwa taarifa, na kwa kumkumbusha zile 3,000,000.